Allidina Visram na Somo la Hongo

Wanafunzi wengi wa Mombasa hulitaja jina la Allidina Visram kila siku bila ya kumjua mwenyewe. Kwao ni jina la shule ya upili iliyoko kisiwani, basi. Sisi tukaao Bombolulu, ng'ambo ya daraja la Nyali, tuna sababu ya kumjua zaidi. Maisha ya tajiri huyo yanaeleza jambo linalowasumbua wenye maduka wa huku kwetu: kwa nini biashara hudhoofika amani inapotetereka, hata pale ambapo hakuna kilichoibwa.

Alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch huko India. Mwaka 1863, akiwa kijana wa miaka 12 hivi, alivuka bahari akafika pwani yetu. Bagamoyo alifanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mashuhuri aliyeipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi.

Biashara hiyo ilikuwa ya roho mkononi. Majora ya nguo yaliyotoka Bagamoyo yalisafiri kwa miezi kabla ya kurudi kwa sura ya pembe za ndovu. Njiani, hasa Ugogo, watemi waliitoza misafara hongo. Kwa kuwa nasomesha isimu, neno hili hunivutia sana. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliodaiwa hadharani. Ulikuwa mzito, tena watu walibishana siku kadhaa juu yake. Lakini aghalabu ukishalipwa, msafara ulipita. Leo neno lilo hilo lina maana ya rushwa, itolewayo kwa siri, wala mtoaji hana hakika kwamba hatadaiwa tena kesho. Neno limebaki, kilichotoweka ni ule uhakika.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mfanyabiashara huistahimili gharama aijuayo, kwani huitia katika bei. Asiyoiweza ni ile isiyokadirika. Mwaka 1871 vita vilizuka baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungika. Mwaka 1888 Abushiri aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, na biashara ya Bagamoyo ikavurugika. Hakuna daftari liwezalo kuikadiria mapema hasara ya vita.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Allidina akaiendeleza biashara yake. Mwaka huo huo Kabaka Mwanga aliasi huko Uganda, na askari wa Kisudani nao wakaasi. Allidina hakurudi nyuma. Aliifuata reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, akifungua maduka kando yake hadi ilipofika Kisumu mwaka 1901, na kuvuka hata Kampala. Baadaye akaongeza mashamba, viwanda vya kukamua mafuta na vya kuchambua pamba.

Nguvu zake, hata hivyo, hazikuwa katika maghala. Aliwakopesha bidhaa wenye maduka madogo waliojitosa bara bila ya mtaji, nao wakamlipa kwa mazao waliyoyanunua. Utajiri wake, kwa hakika, ulikuwa ahadi za watu. Mali ya namna hiyo huhitaji amani kuliko dhahabu, maana mdaiwa aliyekimbia makazi yake halipi.

Mwaka 1914 vita vya dunia viliugeuza mpaka wa Waingereza na Wajerumani kuwa uwanja wa mapigano, na hata reli ikashambuliwa. Mwaka 1916 Allidina alifariki, baada ya kupatwa na homa katika safari ya Kongo. Mwanawe Abdulrasul alijenga shule kwa kumbukumbu yake, naye akafa mapema miaka ya 1920. Milki ile ikasambaratika. Sisemi vita pekee ndivyo vilivyoiangusha. Kifo cha mrithi na kuporomoka kwa bei pia vilichangia. Lakini biashara iliyosimama juu ya mikopo haikuwa na kinga.

Tuyatazame basi ya kwetu. Agosti 1997, karibu na uchaguzi mkuu, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na vibanda vikateketezwa. Watalii walitoweka pwani nzima, na fundi wa vinyago asiyehusika na siasa akakosa mnunuzi. Miaka ya karibuni, magenge ya vijana wenye mapanga yamewahangaisha wakazi wa Kisauni. Mwenye duka akifunga kabla ya isha kwa hofu, hasara hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote. Akiacha kumkopesha jirani unga kwa kutojua kesho itakuwaje, mtaa mzima umefukarika bila ya kufuli kuvunjwa.

Mwanasiasa anayewakodi vijana wakati wa kampeni na kuwatelekeza baada ya kura ndiye anayelea genge. Kuwakamata vijana na kumwacha aliyewakodi ni kupogoa matawi na kuacha shina. Serikali imfikishe mahakamani yeye pia. Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha juu ya misafara na reli, waelezeni wanafunzi kwamba amani ni sehemu ya mtaji, na kwamba anayeivuruga huwapora hata wale asiowagusa.