Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964)

Maisha yake
Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, Kigoma, mwaka 1924. Alisoma huko na baadaye Tabora. Alikuwa shekhe, mshairi na mwanasiasa. Alishiriki kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotolewa mwaka 1953. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria. Alifariki Oktoba 1964. Uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.

Mchango wake katika uhakiki
Zamani malenga chipukizi alijifunza utunzi hasa kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kitabu hiki kinaeleza kanuni, kisha kinatoa mashairi yake mwenyewe. Alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Tungo isiyoimbika si shairi. Ndiyo maana alisisitiza vina na mizani. Hivyo, mwanafunzi wa bara, asiyelelewa Lamu wala Mombasa, alipata kipimo na istilahi za kuhakikia shairi.

Mjadala uliofuata
Miaka ya 1970 washairi kama Euphrase Kezilahabi, katika *Kichomi* (1974), walitunga bila kufuata vina na mizani. Wanamapokeo walizitegemea kanuni za Amri Abedi kuwapinga. Wanamabadiliko walidai kuwa kanuni hizo zinabana mawazo ya mtunzi.

Tathmini
Ubora wa hoja yake ni kuwa inaulinda muziki wa shairi, ambao msikilizaji huuhisi kabla hata ya kufasiri maana. Udhaifu wake ni kuwa zipo nyimbo nyingi za jadi zinazoimbika vizuri bila urari wa vina. Kwa hiyo kuimbika na kuwa na vina si jambo moja. Vilevile, tungo yenye vina kamili yaweza kukosa ujumbe. Hata hivyo, waliomkataa nao walihitaji kanuni zake ili waeleze wanachokikataa. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Zingatia: Mtahiniwa asiishie kutaja vina na mizani. Aeleze kazi yake katika shairi alilopewa.

Swali la mazoezi
"Bila vina na mizani hakuna shairi." Jadili kauli hii kwa kutumia diwani mbili ulizosoma.