Padre Vincent Donovan Bomani mwa Wamasai

Katika habari za watu walioleta Injili kwa Wamasai, hatuwezi kumwacha Padre Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alizaliwa Marekani mwaka 1926, akafika Tanganyika baadaye. Twaandika habari zake hasa kwa ajili yenu walimu, kwa maana zatufundisha namna ya kutazama.

Mwaka 1966 alikuwa katika misioni ya Loliondo, katika nchi hii ambamo Ololosokwan yetu imo. Misioni ilikuwa katika mwaka wake wa saba, ina shule na hospitali. Padre alikaribishwa katika maboma, akazungumza na wazee habari za ng'ombe na za shule. Lakini habari za Mungu hazikutajwa. Mtu mzima wa Kimasai aliyeshika dini hakuwako hata mmoja. Basi mwezi wa Mei akamwandikia Askofu wa Arusha, Dennis Durning, akimwomba ruhusa aache shughuli zile, aende bomani mikono mitupu, aseme na watu habari za Mungu tu. Askofu akakubali.

Alipomweleza mzee Ndangoya shabaha yake, mzee akamwuliza: ikiwa hiyo ndiyo iliyowaleta, mbona wamekawia miaka yote hiyo bila kuisema? Swali hilo lilimchoma moyo. Tangu hapo akawa akienda kila juma, akafundisha, naye akafundishwa.

Atazamaye boma kutoka barazani pa misioni huona samadi, inzi na moshi. Aketiye ndani huona mengine. Padre akaona habari ya majani. Kwa Wamasai majani ni matakatifu, maana hulisha ng'ombe, na ng'ombe hulisha watu. Mtu akimpa mwenzake majani mkononi, ampa amani, na ugomvi hauna budi kukoma. Misa ilipoanza kusomwa katika maboma yale, majani yalipitishwa mkono kwa mkono. Yakikataliwa na watu, Misa haikusomwa siku ile. Kitu kilichokanyagwa na viatu vya wageni kikawa alama ya amani ya Kristu.

Baada ya mwaka wa mafundisho, siku za ubatizo zikakaribia. Padre akataka kuchagua: huyu amefahamu, abatizwe, huyu mvivu, angoje. Ndangoya akamzuia. Akamweleza kwamba wenye akili wamewasaidia wasiofahamu upesi, na wenye imani kubwa wamewategemeza wenye imani haba. Naye kama mzee aweza kunena kwa ajili ya wote kwamba wamesadiki. Padre akawatazama tena wale aliotaka kuwaacha. Alikuwa amehesabu mtu mmoja mmoja. Sasa akaona jamaa moja. Akawabatiza wote.

Aliondoka mwaka 1973. Kitabu alichoandika juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1978, nacho kimesomwa na wamisionari wa nchi nyingi. Alifariki mwaka 2000.

Ndugu walimu, hatusemi kwamba shule na hospitali ni kazi bure. Sisi wenyewe ni matunda ya shule hizo. Twasema hivi: mtoto ajaye darasani na harufu ya moshi katika shuka yake, tusimpime tukiwa tumesimama mbele ya ubao tu. Twende kwao, tukaribishwe, tuketi, tunyamaze kidogo. Wahenga wamesema mgeni aje mwenyeji apone. Loliondo, mgeni naye alipona.