MAISHA YA HEINRICH HERTZ

Muhula uliopita kidato chetu tulikwenda kutazama kiwanda cha soda. Chupa zilipita juu ya mkanda, na kila moja ilipokatiza mwali mdogo wa nuru, mashine iliihesabu. Ghafula mkanda ukasimama. Fundi akawapigia simu waliouza mashine ile, nao wakamwuliza kwanza kama kioo cha jicho la umeme ni safi. Kumbe vumbi lilikuwa limeziba nuru, na mashine ilidhani kwamba chupa imekwama. Akakipangusa kioo kwa kitambaa, na kazi ikaendelea. Nikatamani kujua asili ya jicho hilo, na habari zake zikanifikisha kwa Heinrich Hertz.

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari, 1857, katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwanasheria. Kijana huyu alianza kusomea uhandisi, lakini moyo wake ulipenda sayansi. Basi mwaka 1877 alimwandikia baba yake kumwomba ruhusa ya kubadili masomo, na baba akakubali. Alisoma Munich, kisha Berlin kwa Profesa Helmholtz, akapata udaktari mwaka 1880. Mwaka 1885 akawa profesa huko Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll.

Huko Karlsruhe alikuwa akitafuta mawimbi ya umeme ambayo Maxwell wa Uingereza alikuwa ameyatabiri kwa hesabu. Alirusha cheche kubwa upande mmoja, na upande wa pili akatazama kama cheche ndogo itaruka katika mwanya wa waya. Cheche hiyo ilikuwa hafifu mno, hata akaifunika kwa sanduku ili aione vema gizani. Ajabu ni kwamba mara alipoifunika, ikawa fupi zaidi!

Wengi wetu tungaliliondoa sanduku na kusahau jambo lile. Hertz aliiacha kazi yake kubwa kwa miezi kadhaa ili ajue sababu. Aliondoa upande mmoja mmoja wa sanduku, akaona kwamba upande wenye madhara ni ule uliosimama kati ya cheche mbili. Akaweka kioo, cheche ikafupika. Akaweka jiwe angavu liitwalo kwatsi, isifupike. Hivyo akatambua kwamba nuru isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ikitoka katika cheche kubwa ndiyo iliyoisaidia ile ndogo kuruka. Mwaka 1887 alitangaza aliyoyaona, wala hakujidai kujua kiini chake. Kisha akarudia mawimbi, na mwaka 1888 dunia ikapata msingi wa redio.

Mwaka 1889 alihamia Bonn. Maradhi yakamshika mwaka 1892, akapasuliwa mara kadhaa, lakini hakuacha kuandika. Alifariki tarehe 1 Januari, 1894, akiwa na umri wa miaka 36, akaacha mjane na binti wawili wadogo. Hakuwahi kujua maana ya cheche yake. Ni Einstein aliyeieleza mwaka 1905, kwamba nuru huja kwa mafungu, na fungu lenye nguvu ya kutosha hung'oa elektroni katika madini. Macho ya umeme ya viwanda vya leo hutumia vipande vya silikoni, ambamo nuru huachilia elektroni mle ndani. Hata hivyo njia iliyoelekea huko ilipita katika sanduku la Hertz.

Wenzangu, naungama jambo moja. Mwaka huu, katika maabara yetu, nilipata kipimo kimoja kisicholingana na vingine. Nilikifuta nikaandika kile nilichojua Mwalimu anakitaka, nikapata alama zote. Tangu niliposoma maisha ya Hertz, alama zile hazinifurahishi tena. Nimerudia jaribio lile mara mbili, na safari hii sikufuta kitu.