Booker T. Washington na Matofali ya Tuskegee

Booker T. Washington alizaliwa mwaka 1856 katika jimbo la Virginia, Marekani. Mama yake alikuwa mtumwa, mpishi wa shamba, na kwa hiyo mtoto naye alizaliwa mtumwa. Vita vilipokwisha mwaka 1865 watumwa waliwekwa huru, lakini uhuru ule haukuwapa ardhi wala fedha. Booker, angali mtoto, alifanya kazi ya kupika chumvi, kisha ya kuchimba makaa ya mawe. Siku moja, humo shimoni, alisikia watu wawili wakizungumza habari za chuo cha Hampton, ambacho maskini aliweza kujilipia kwa kazi ya mikono yake. Akakata shauri kwenda.

Mwaka 1872 alishika njia, safari ya maili 500 hivi. Alifika mchafu, nguo zimechakaa, hata mwalimu akasita kumpokea. Kisha akampa ufagio afagie chumba. Booker alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu alipopitisha leso yake ukutani asione hata chembe ya vumbi, alimkubali.

Baadaye watu wa Tuskegee, mji mdogo katika jimbo la Alabama, walitaka chuo cha kufundishia walimu weusi, na Booker akachaguliwa kuwa mkuu wake. Chuo kilifunguliwa tarehe 4 Julai, 1881, wanafunzi wakiwa 30. Nyumba yao ilikuwa kibanda kibovu, na mvua iliponyesha mwanafunzi mmoja alimshikia mwalimu mwavuli. Muda si muda Booker alikopa fedha, akanunua shamba la ekari 100 lililokuwa limeachwa.

Sasa walihitaji majengo. Katika mji ule hapakuwa na mtu afanyaye matofali, nao wenyeji pia walikuwa wakiyahitaji. Basi Booker akaazimu wanafunzi wayafanye wenyewe. Kazi ilikuwa ngumu: walisimama katika matope mpaka magotini, na wengine walichukizwa wakaacha chuo. Walipanga matofali 25,000 katika tanuu, wakayachoma, yakaharibika. Tanuu ya pili nayo ikaharibika. Ya tatu ilikaribia kuiva, nayo ikaanguka usiku wa manane. Fedha zilikuwa zimekwisha, na walimu wakamsihi aache. Lakini Booker alikwenda mji wa Montgomery, akaweka rehani saa yake kwa dola 15, akarudi kujenga tanuu ya nne. Hiyo ikafaulu. Saa yake hakuikomboa kamwe.

Matofali yale yalikuwa mazuri, na watu wa mji wakaja kuyanunua. Hata Wazungu waliokuwa hawapendi watu weusi wasome waliona ya kuwa chuo kimewaletea kitu walichokikosa. Hivyo biashara ikaleta ujirani. Wanafunzi walijifunza pia useremala, uhunzi na kutengeneza magari ya farasi, nao waliporudi kwao walikuwa mafundi waliotafutwa. Tangu mwaka 1892 wakulima wa jirani waliitwa chuoni kila mwaka kushauriana juu ya mashamba na madeni yao. Na mwaka 1906 gari la kukokotwa lilianza kuwapelekea mafundisho ya kilimo huko huko vijijini. Tena mwaka 1900 Booker aliunda chama cha wafanyaji biashara weusi wa Marekani.

Si wote waliokubaliana naye. Msomi W. E. B. Du Bois alimlaumu kwamba alisisitiza kazi za mikono kuliko elimu ya juu na haki ya kupiga kura, na mabishano yao yalikuwa makali.

Booker alikufa tarehe 14 Novemba, 1915, akazikwa Tuskegee. Mahali palipokuwa na kibanda kinachovuja aliacha chuo chenye majengo zaidi ya 100, na mengi katika hayo yalijengwa na wanafunzi kwa mikono yao wenyewe. Mwenye kuchoka katika tanuu ya tatu hapati matofali.