Makhan Singh na Neno Lililotamkwa Kaloleni

Nairobi ikitajwa Eastlands, wengi hukumbuka matatu na Gikomba. Mimi humkumbuka Makhan Singh, ambaye sikukuu za taifa hupita jina lake lisisikike.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927 akiwa kijana. Mwaka 1935 alikiongoza chama cha wafanyakazi wa Kihindi, kikafungua milango kwa watu wa rangi zote. Wakati huo serikali ilimpa kila mtu mtaa wake na mshahara wake kwa kutazama ngozi, kwa hiyo jambo hilo halikuwa dogo.

Wakati wa vita vya pili alikuwa India, Waingereza wakamweka kizuizini huko. Aliporudi Kenya 1947 walitaka kumfukuza, naye akakataa kuondoka. Mei mosi 1949, yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki.

Tarehe 23 Aprili 1950, kwenye ukumbi wa Kaloleni, yeye na Kubai walisimama mbele ya umati na kutaka Afrika Mashariki ipewe uhuru mara moja. Viongozi wengi siku zile walikuwa bado wanaomba viti zaidi barazani. Haikupita mwezi, tarehe 15 Mei, wote wawili wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, serikali ikajibu kwa polisi, mabomu ya machozi na magari ya deraya.

Kesi ya Singh ilisikizwa na Jaji Thacker, yuleyule aliyemhukumu Mzee Kenyatta baadaye kule Kapenguria. Akapelekwa Lokitaung, kisha Maralal na Dol Dol. Alitoka Oktoba 1961, baada ya miaka 11 na zaidi. Uhuru ukaja, vyeo vikagawanywa, yeye hakupata kitu. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi, ikatoka 1969, na mwaka 1973 akafariki.

Kwa nini nayaandika haya kwa wasomaji wa Pwani? Kwa sababu sisi twajua uchungu wa kuulizwa babu yako alitoka wapi, hali kaburi lake liko hapa hapa. Makhan Singh aliulizwa hivyo na mkoloni, akajibu kwa miaka 11 ya maisha yake. Watoto wetu nao wafundishwe jina hili, ili siku wakiulizwa swali lile wajue kwamba nchi hii ilijengwa na wengi.