Joseph Whitworth, Bwana wa Thredi

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, keti kidogo nikusimulie habari za mtu aliyefariki mwaka 1887. Huko Uingereza ni mtu mashuhuri. Hapa Kimuka jina lake halijulikani, ingawa kazi yake tunaishika kila asubuhi tunapofungua mfereji kunawa uso. Mimi mwenyewe nilimfahamu kwa njia ya aibu, na sitaificha aibu hiyo.

Chumba cha chama chetu kimetengwa na darasa la jirani kwa ukuta wa plaiwudi. Plaiwudi huku, plaiwudi kule, katikati uwazi mtupu. Ukuta wa namna hiyo haupendi msumari. Ukigonga, msumari unapenya hadi kwenye uwazi na kukosa cha kushika. Kwa hiyo tulikuwa tumenunua kule Kitengela bolti nne zenye mabawa ya springi. Unatoboa tundu, unayakunja mabawa, unayapitisha, nayo yakifika ndani yanafunguka kama ya ndege. Kisha unakaza bolti mpaka mabawa yaibane plaiwudi kwa nyuma. Rafu yetu ya vitabu ilikaa imara mwaka mzima. Kosa likawa kuihamisha. Bolti hiyo ukiifungua hadi mwisho, mabawa huanguka ndani ya ukuta, na ndo basi tena. Tukabaki na bolti nne bila mabawa.

Hapo mimi, katibu wa chama, nikajifanya injinia. Nilichora kipande cha bapa cha chuma, urefu sentimita sita, upana sentimita moja na nusu, kina tundu katikati na nati imechomelewa hapo, na kamba nyembamba imefungwa ili kisizame ukutani. Upana upite kwenye tundu, urefu usipite: hiyo ndiyo siri yote ya kifaa hiki. Kikishaingia kwa kichwa unakivuta kwa kamba, kinalala kwa mapana nyuma ya plaiwudi, na mzigo unasambaa mahali pengi badala ya kung'ang'ania tundu moja. Rafu ikiwa na vitabu hutaka kuinamia mbele, hivyo bolti za juu ndizo huvutwa zaidi. Nayo hayo niliyafikiria, nikaweka vipande virefu juu. Kijana wa kuchomelea pale senta akatoa nati kwenye mkebe wake, akachomelea, tukamlipa, tukarudi shuleni tukiimba.

Bolti ziliingia vizuri mizunguko miwili, kisha zikagoma. Nikachukua spana nikazilazimisha. Zililia, zikaingia. Nilidhani ni ugumu wa chuma kipya.

Basi, siku tatu kabla ya maonyesho ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, upepo wa milima ya Ngong ulivuma usiku kucha, na wakazi wa huku mnaujua upepo huo. Asubuhi tulikuta rafu sakafuni. Kamusi zilikuwa zimetapakaa, na kibuyu cha maziwa chenye shanga, ambacho mwanachama mmoja wa kidato cha chini alikuwa ameazima kwa nyanya yake, kilikuwa kimepasuka. Kijana huyo ndiye aliyeweka kitu cha mwisho pale juu. Mimi ndiye niliyesema, mbele ya watu wote, kwamba bila shaka aliining'inia rafu. Hakubishana. Alichukua kibuyu chake akaondoka, na mikutano iliyofuata hakuja.

Wiki mbili baadaye nilizichukua zile bolti nikampelekea mzee mmoja fundi wa mabomba pale senta. Hakuuliza mengi. Alichukua bolti yangu na bolti nyingine ya robo inchi, akayagusanisha meno yao, akayainua kwenye mwanga. Meno mawili ya kwanza yalipatana. La tatu likaanza kupotoka, la tano likapanda juu ya mwenzake kabisa. Bolti yangu ilikuwa ya milimita sita, meno yake yako milimita moja moja. Nati zilikuwa za robo inchi, meno ishirini kwa kila inchi. Nilipolazimisha kwa spana nilikuwa ninayasaga meno, na rafu nzima ilikuwa imeshikwa na mabaki. Yale meno ya nati, mzee akaniambia, ni thredi ya Whitworth. (Mwalimu wetu anapendelea tuseme hesi, lakini nikienda kwenye hadiwea na neno hilo nitarudi mikono mitupu.)

Nikaingia maktaba kumtafuta huyo Whitworth.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika mji wa Stockport, karibu na Manchester. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na baadaye mhubiri. Mama alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na nyumba ikavunjika. Alipokuwa na umri wa kama miaka kumi na minne alipelekwa kwa jamaa yao mwenye kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire, ili ajifunze biashara na siku moja awe mshirika. Kijana akawa hajali pamba wala faida yake. Alichokipenda ni mashine zenyewe, na alichokichukia ni jinsi zilivyotengenezwa ovyo. Miaka michache tu, akaondoka kwenda Manchester kuwa fundi wa kawaida mwenye mikono michafu.

Mwaka 1825 alioa, na mwaka huohuo akaenda London kwa Henry Maudslay, ambaye karakana yake ilikuwa kama chuo kikuu cha mafundi wa wakati ule. Hapo ndipo alipoanza kushughulika na jambo linaloonekana la kitoto: kupata bamba la chuma lililo bapa kweli kweli. Wewe jaribu kufikiri. Ukitaka kujua kama ubao umenyooka unaupima kwa rula. Na rula je, nani aliyeinyosha? Mafundi wa siku hizo walisaga mabamba mawili pamoja kwa mchanga mkali mpaka yakalaliana. Lakini mabamba mawili yanaweza kulaliana vizuri huku moja limebonyea na jingine limetuna, kama bakuli na yai. Dawa ni kutumia matatu. La kwanza likipatana na la pili, la pili na la tatu, na la tatu na la kwanza, hakuna njia nyingine isipokuwa yote kuwa bapa. Whitworth akaacha kusaga. Alipaka rangi, akagusanisha, akaona mahali palipotuna, akapakwaruza kidogo kidogo kwa mkono, akapaka tena. Inasemekana fundi mwenzake alikuwa amemwambia hatafaulu, naye alipofaulu ndiye aliyemwonyesha kwanza. Mimi sehemu hii niliisoma mara tatu. Kifaa chenyewe ni rangi na subira tu!

Baada ya Maudslay alifanya kazi katika karakana nyingine, ikiwemo ya Joseph Clement, ambako ile mashine ya kukokotoa hesabu ya Charles Babbage ilikuwa ikitengenezwa. Mwaka 1833 akarudi Manchester, akakodi chumba chenye nguvu za injini ya mvuke, akaanza kutengeneza mashine za kukereza, za kuranda na za kutoboa chuma. Biashara ilikua haraka. Viwanda vya pamba na kampuni za reli zilikuwa na njaa ya mashine, na za Whitworth hazikuwa na mbwembwe: chuma kizito na vipimo vya kweli.

Sasa tufike kwenye thredi. Wakati ule kila karakana ilikata meno ya bolti kwa mtindo wake. Bolti na nati yake zilikuwa kama mume na mke: zinatiwa alama ili zisichanganyike, na nati ikipotea, bolti ni mjane. Mashine ikivunjika mbali na ilikotengenezwa, fundi wa huko hana la kufanya. Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima moja moja, kisha akachukua wastani wake. Hakutafuta meno yaliyo bora kuliko yote. Alitafuta meno ambayo hakuna fundi angeyaona mageni sana. Nadhani hapo ndipo akili yake ilipokuwa kubwa kuliko ya injinia wengi. Mwaka 1841 aliwasilisha mpango wake mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi huko London: pembe ya meno iwe digrii 55 kwa kila ukubwa, ncha ziviringwe, na idadi ya meno kwa inchi ifuate jedwali moja. Robo inchi meno 20, nusu inchi meno 12, inchi nzima meno 8. Kampuni za reli zilikubali mapema, na kufikia miaka ya 1860 karibu nchi yote ilikuwa ikikata meno hayo.

Faida yake ilionekana wakati wa vita vya Crimea, miaka ya 1853 hadi 1856. Serikali ilitaka kwa haraka injini 90 za mashua za kivita, kazi ambayo karakana moja isingeiweza. Mwenye zabuni, John Penn, alitawanya sehemu za mfano kwenye karakana mbalimbali wazinakili. Sehemu ziliporudi, ziliingiana. Miaka ishirini nyuma ingekuwa kichekesho.

Naye hakutosheka. Katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851 mashine zake zilisifiwa sana, na alitengeneza chombo cha kupimia tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Mwaka 1853 alisafiri hadi Marekani kutazama viwanda vyao.

Kuna ukurasa wa maisha yake nisioupenda, lakini siwezi kuuruka. Vita vilimvuta kwenye silaha. Alitengeneza bunduki ambayo ndani ya mtutu ina pembe sita, na katika majaribio ya 1857 ikaishinda mbali sana bunduki ya jeshi la Uingereza. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifyatua moja huko Wimbledon, imefungwa imara kwenye kishikio, risasi ikatua karibu kabisa na katikati ya shabaha yadi 400 mbele. Jeshi lenyewe likaikataa kwa sababu ya gharama. Waliozinunua baadhi ni majimbo ya kusini ya Marekani, yale yaliyopigana ili kuendelea kuwashika watu weusi utumwani, na wadunguzi wao walizitumia. Usahihi ni usahihi, haujali uko mikononi mwa nani, lakini mtengenezaji anajua anamuuzia nani.

Tabia yake pia haikuwa asali. Alikuwa mkali, hapendi kushauriwa, na akiamini njia yake ndiyo njia, basi imekwisha. Ila alikumbuka alikotoka. Mwaka 1868 alitoa pauni 100,000 ili kila mwaka vijana 30 wapate pauni 100 kila mmoja wasomee uhandisi, kwa sharti kwamba wajue kazi ya mikono na ya vitabu pia. Ufadhili huo unatolewa hadi leo. Mwaka 1869 alipewa cheo cha baroneti, akawa Sir Joseph. Hakuwa na mtoto. Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akazikwa Darley Dale katika Derbyshire, na sehemu kubwa ya mali yake ikaenda kwa umma: jumba la sanaa la Manchester lenye jina lake, na hospitali ya saratani ya Christie.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, miaka tisa baada ya kifo chake, na injini zilizotoka Uingereza zilikuja na bolti zake. Wamarekani nao walikuwa wamejitenga mapema. William Sellers mwaka 1864 alipendekeza digrii 60, na katika Vita Vikuu vya Pili marafiki hao wawili walikuta hawawezi kuazimana hata nati. Leo bolti nyingi ni za milimita, nazo zina digrii 60. Lakini mabomba ya maji ya Kenya hayakuhama. Bomba la nusu inchi lina meno 14 kwa inchi, pembe digrii 55, za yule mzee. Ndiyo maana mfereji ulionunuliwa Kitengela unaingia kwenye bomba la Kimuka bila maswali. Na huku kwetu, ambako maji yanasubiriwa, si jambo dogo.

Katika mkutano uliofuata nilisimama nikawaonyesha wanachama bolti na nati, nikawapitishia wayaguse yale meno yaliyosagika, nikasema nani aliyezilazimisha kwa spana. Yule kijana hakuwepo. Ilinibidi nimfuate bwenini, kisha Jumamosi moja niende naye kwa nyanya yake kumwomba radhi. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimekula. Kibuyu alikuwa amekwisha kukishona kwa uzi wa ngozi. Hakishiki maziwa tena, anawekea shanga.

Rafu tumeirudisha, kwa vipande vilevile vya bapa lakini kwa nati za milimita sita, na kila bolti iliingia kwa vidole hadi mwisho kabla ya kuguswa na spana. Kijana yule ndiye aliyezikaza. Mabawa manne ya zile bolti za kwanza bado yamo ndani ya ukuta, chini kabisa, na hakuna aliyepata njia ya kuyatoa.