Padri aliyeanguka mtihani, na maharagwe yaliyogoma kufuata hesabu

Kama ulifika Kidato cha Nne, jina la Gregor Mendel ulikaririshwa tu. Minji mirefu kwa mifupi, tatu kwa moja, ukajibu swali la mtihani ukaenda zako. Ambacho pengine hukuambiwa ni kwamba jamaa huyu alipanda maharagwe pia, na maharagwe yakamtoa jasho kuliko minji.

Alizaliwa Julai 1822 kijijini Heinzendorf, sehemu ambayo leo iko Jamhuri ya Czech lakini enzi hizo ilikuwa chini ya milki ya Austria. Wazazi walimwita Johann. Babake, Anton, alikuwa mkulima wa kawaida, na huyu ndiye mvulana pekee kati ya mabinti wawili, kwa hivyo unajua shamba lilikuwa linamngoja nani. Mwaka wa 1838 mti ukamwangukia mzee, akaumia vibaya, na karo ikawa shida. Kijana akaanza kufundisha wenzake tuisheni ili ale. Kuna vipindi alilala kitandani miezi mizima, mwili na akili vimekataa.

Aliyemwokoa ni dadake mdogo, Theresia. Alitoa sehemu ya mali aliyotengewa na familia ya kwenda nayo kwa ndoa (kule bibi arusi ndiye huja na mali, si kama kwetu) ili kaka asome. Deni hilo Mendel hakulisahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

1843 akaingia nyumba ya watawa wa Augustino mjini Brünn, leo Brno, akapewa jina Gregor. Wito ulikuwepo, sawa, lakini pia alikuwa amechoka kuhangaikia atakula nini kesho. Kazi ya padri wa kutembelea wagonjwa ilimshinda kabisa. Alikuwa akiona mtu anateseka, yeye mwenyewe anaugua. Mkuu wake, Cyril Napp, akamtuma akafundishe shule badala yake. Sasa, ili uwe mwalimu kamili ilibidi upite mtihani wa serikali. 1850 akaanguka. Wakampeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma fizikia, hesabu na mimea. 1856 akarudi kwa mtihani, mambo yakaharibika tena. Akabaki mwalimu wa muda tu, bila cheti, miaka nenda miaka rudi. Mimi niliyeacha chuo katikati naipenda sana sehemu hii, lakini usinielewe vibaya: alichosoma Vienna, hasa kuhesabu, ndicho kilichombeba.

Mwaka huohuo wa 1856 akaanza kazi kwenye bustani ya watawa, kipande cha kama mita 35 kwa 7. Kabla ya hapo alikuwa ameagiza aina 34 za minji, akazijaribu miaka miwili kuona kama zinazaa watoto wanaofanana na wazazi, akabaki na 22. Kuzichanganya ni kazi ya mkono. Unafungua ua kabla halijakomaa, unang'oa sehemu za kiume kwa koleo ndogo, kisha unapaka chavua kutoka mmea mwingine. Unarudia. Tena na tena, miaka minane, karibu mimea 28,000. Mbegu za mviringo kwa zilizokunjamana: kizazi cha kwanza zote mviringo, cha pili 5,474 mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Tatu kwa moja. Ule mkunjo haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha.

Lakini je, sheria hii ni ya minji tu? Hapo ndipo maharagwe yanaingia, na hayo ni spishi ileile ya mishiri inayolimwa Mwea na kupelekwa Ulaya. Alichanganya maharagwe mafupi na yale yanayotambaa. Urefu ulishinda ufupi, ganda la kijani likashinda la manjano, kama minji. Safi.

Kisha akachanganya maharagwe mafupi yenye maua meupe na aina nyingine inayotoa maua mekundu. Balaa. Mimea chotara 17 ilitoa maua mamia lakini mbegu 49 pekee. Rangi nazo? Badala ya nyekundu na nyeupe, alipata mfululizo mzima, kuanzia zambarau iliyokolea hadi iliyofifia. Kati ya mimea 31 iliyochanua, mmoja tu ulikuwa mweupe. Kwa hesabu ya minji angetarajia kama minane.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliandika yote, akapendekeza kwamba huenda rangi moja ya ua imeundwa na vitu viwili au zaidi, kila kimoja kikirithiwa kivyake. Kukiwa viwili, weupe hutokea mara moja kati ya 16. Watu wamemshuku Mendel tangu 1936, Ronald Fisher alipoonyesha kuwa takwimu za minji zimenyooka kupita kiasi. Swali halali. Ila mtu wa kupika data angeanza kwa kuficha haya maharagwe.

Februari na Machi 1865 alisoma matokeo mbele ya chama cha sayansi cha Brünn, yakachapishwa 1866. Kimya. Alimwandikia Carl Nägeli, profesa mkubwa wa Munich, ambaye hakushawishika, na Mendel akahangaika na mmea mwingine ambao Nägeli aliushughulikia. Mmea huo huzaa mbegu bila kurutubishwa, kwa hivyo hesabu haikutoka kamwe. 1868 akawa mkuu wa nyumba, kisha akazama kwenye vita na serikali kuhusu kodi ya watawa, na hakukubali kulipa hadi mwisho. Alikufa kwa ugonjwa wa figo Januari 6, 1884. Mjini walimlilia padri mwema.

Mwaka wa 1900, watafiti watatu, de Vries, Correns na Tschermak, walifufua kazi yake karibu wakati mmoja. Miaka tisa baadaye, Mdenmark Wilhelm Johannsen alitunga neno ambalo sisi tunaliita jeni. Johannsen alikuwa akipima uzito wa maharagwe.